Kumrudisha Selestina Oldeani

Ukitaka kumjua Eunike, usiende kumtafuta darasani. Darasani yupo yupo tu, anakaa mstari wa kati, anaandika, hana makuu. Nenda bweni la wasichana la chuo kimoja cha hoteli na utalii pale Karatu, upande wa barabara ya kwenda Rhotia, simama koridoni asubuhi, halafu tega sikio. Da Eunike, bomba halitoi maji. Da Eunike, kuna mtu kaanua nguo zangu zikiwa mbichi kaanika zake. Da Eunike, kuna panya chumba cha mwisho, na wenye chumba wako juu ya meza, hawashuki mpaka uje.

Na anakuja. Amevaa kandambili, kitenge kiunoni, nywele bado hajazichana, uso umekunjwa. Anamfukuza panya kwa fagio, anazibua sinki lililojaa nywele za bandia, anaamua kesi ya kamba ya nguo, anamsema mwenye kosa na asiye na kosa kwa pamoja ili asikose, ndipo anakwenda kunywa chai yake iliyopoa. Chuoni wanamwita msaidizi wa matron. Wasichana wanamwita dada wa bweni, na asipokuwepo wanamwita mkali. Naye anajua, wala halimkoseshi usingizi.

Mshahara hana. Anachopata ni chumba cha peke yake karibu na mlango mkubwa, kina kitanda na meza na dirisha linalotazama kamba za nguo, na chumba hicho halipii. Unaweza kukidharau. Lakini kwa mtoto wa mkulima wa mahindi na maharage wa Rhotia, aliyefiwa na baba akiwa bado sekondari, mwenye wadogo nyuma yake wanaosubiri zamu yao ya kusoma, chumba kile ndicho kilichomfikisha mwaka wa pili. Bila hicho angekuwa nyumbani anapalilia.

Kazi moja tu aliichukia. Msichana akisimamishwa masomo, chuo kilikuwa hakimwachi aende peke yake, kwa sababu kuna mmoja wa miaka ya nyuma aliambiwa arudi kwao akaishia Arusha mjini, wazazi wakaja kumdai. Tangu hapo ikawa desturi: dada wa bweni anambebea begi aliyesimamishwa, anampeleka mpaka nyumbani, anamkabidhi kwa mzazi kwa mkono wake, na kosa lake analisema yeye. Kwa hiyo Eunike akionekana anatoka getini na msichana mwenye begi, hakuna haja ya kuuliza. Bweni zima linajua huyo kapigwa chini.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Julai, na wewe kama umewahi kulala Karatu mwezi wa saba unajua baridi ninayoisema. Ukungu ulikuwa umeegemea madirisha. Mwaka wa kwanza walikuwa na mtihani wao wa vitendo siku hiyo, wa kuhudumia mezani, na bweni lilikwisha kuamka kwa wasiwasi. Mama Bertha, matron wao, mama wa Kichaga mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, siku zote akimtaka Eunike humwita kutoka alipo. Asubuhi hiyo alikuja mwenyewe kwa miguu, akagonga mlango polepole. Eunike aliposikia mlango unagongwa kwa kidole kimoja akajua mambo si mazuri.

Mama Bertha aliingia, akafunga mlango, akakaa kitandani. Akasema mama yake Selestina, yule wa mwaka wa kwanza, amefariki. Alianguka jana akiwa anachuma kahawa, presha, wakamkimbiza hospitali, jioni akakata roho. Aliyepiga simu ni baba mdogo wa Selestina, Modest, ambaye ndiye mwangalizi wa familia maana baba wa yule binti alishafariki zamani. Na Modest ameomba jambo moja: mtoto aachwe afanye mtihani wake kwanza. Akimaliza, Eunike amsindikize mpaka nyumbani Oldeani. Na asiambiwe kitu. Watampokea wenyewe.

Usijifanye desturi hii huijui. Mtu akifiwa, sisi hatumwambii. Tunaambiana sisi wote, majirani, wapangaji, mwenye duka, kondakta wa gari, isipokuwa mwenye msiba. Huyo tunampigia simu tunamwambia bibi anamtaka, au kuna kikao, au mgonjwa anaendelea vizuri ila njoo umwone. Anapanda gari na watu wanaojua, wanamnunulia soda, wanamwongelesha mambo ya mvua. Anafika, anaona turubai. Tunasema ni huruma, asije akazimia njiani. Mimi sikatai kwamba ni huruma. Nasema tu kwamba sijawahi kusikia aliyefanyiwa hivyo akishukuru.

Eunike alifanyiwa. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Mbulu, mume wa shangazi yake akaja na pikapu akamwambia bibi anaumwa, anataka kumwona. Mtoto akafurahi, maana siku ile kulikuwa na jaribio la hesabu. Njiani alinunuliwa muwa. Akala, akaimba, akapungia watu mkono. Pikapu ilipoingia uwanjani kwao akaruka chini muwa ukiwa mdomoni, anacheka, anaita, "Baba, nimekuja!" Watu wote waliokuwa chini ya turubai wakageuka wakamtazama, wakanyamaza, halafu wanawake wakaanza kupiga mayowe. Ndivyo alivyojua. Baadaye alilia kama wengine wote, lakini aibu ya kile kicheko ilimkaa, na hakuwahi kumsimulia mtu. Muwa hali mpaka leo.

Kwa hiyo pale chumbani alitaka kusema neno. Alifungua mdomo. Mama Bertha akamshika goti, na macho yake mwenyewe yalikuwa yameiva, maana usidhani alikuwa mama mwenye roho mbaya. Akamwambia watu wa Oldeani ndio wenye mtoto na wao ndio wamesema. Akamwambia kitu kikivuja na binti akaanguka mbele ya wageni wa mtihani, atakayeulizwa ni yeye matron, na yeye atamuuliza dada wa bweni, na dada wa bweni mwingine hakosekani.

"Uso wako, Eunike," alisema alipokuwa anatoka. "Uchunge uso wako."

"Ndiyo, mama."

Siku za mtihani wa vitendo ilikuwa kawaida Eunike kupita vyumbani na ndoo kukusanya simu. Siku hiyo alipita mapema kuliko kawaida, kabla watu hawajaanza kufungua mambo ya kutazama picha, kwa sababu alijua lazima kuna binamu mahali ameshaweka picha ya marehemu na mshumaa. Alikuta binamu hajachelewa. Jackline, anayelala chumba kimoja na Selestina, alikuwa amekaa kitandani na simu mkononi, ameduwaa. Eunike akamshika mkono akampeleka bafuni, akamfungulia bomba liwe na kelele, akamwambia alie hapo na amalize hapo. Jackline akalia ndani ya taulo. Alipotoka alimwambia Selestina sabuni imemwingia machoni, na Selestina akamcheka.

Huyo Selestina alikuwa binti mdogo wa umbo, mwepesi, anaongea na mikono. Ndoto yake ilikuwa kufanya kazi kwenye loji za kule juu, ukingoni mwa kreta, na kwa ajili hiyo tangu Januari alikuwa anatembea koridoni na trei yenye vikombe vya maji huku wenzake wakimtupia viatu miguuni makusudi ili wamwangushe. Hakuanguka. Eunike alishamfokea mara nyingi kwa kulowesha sakafu. Asubuhi ile alimkuta anatafuta pasi, akampokonya shati jeupe akampigia yeye mwenyewe, kola, mikono, mpaka mfuko. Akamletea chai. Akamletea yai la kuchemsha, akalimenya.

Selestina alilitazama lile yai, akamtazama Eunike.

"Da Eunike, leo kuna nini?"

"Kuna mtihani. Kula."

Akala. Lakini alikula akiwa anamwangalia kwa jicho la pembeni, na hapo Eunike alikosea, nasi wengi tungekosea vilevile. Mkali akigeuka mpole ghafla, watu huogopa kuliko angefoka. Laiti angemsema kidogo kuhusu ile sakafu.

Mtihani wenyewe ulikwenda vizuri mno. Walimu na meneja mmoja wa loji walioalikwa walikaa mezani wakijifanya watalii, na kazi yao ilikuwa kusumbua. Eunike alipangiwa kuosha glasi mlango wa jikoni, kwa hiyo aliona yote. Selestina aliingia na supu ya maboga, mgongo umenyooka, tabasamu mahali pake. Meneja akaonja, akakunja uso, akasema supu imepoa. Haikuwa imepoa, ilikuwa inatoa moshi. Selestina akaomba radhi, akaiondoa, akarudi na bakuli jingine, akamwambia kwa upole kwamba hii ni ya moto kidogo, na kama hatajali, aipulize kwanza, maana huku kwetu baridi huwadanganya wageni. Meza nzima ikacheka, na meneja akacheka zaidi. Selestina akarudi jikoni anang'aa, akambana Eunike kwa furaha mpaka povu likamwagika. Eunike akajikuta amefurahi naye, furaha ya kweli kabisa, halafu akakumbuka. Aliinamia karai akasugua glasi iliyokuwa safi tayari.

Saa za mchana Mama Bertha akamwita Selestina ofisini. Akamwambia achukue nguo chache kwenye begi, anahitajika nyumbani, Eunike atakwenda naye. Hakuongeza neno. Akamkumbatia, akamwachia haraka, akageukia dirisha. Selestina alipotoka uso wake ulikuwa umekufa ganzi, na Eunike akadhani ameshajua. Hakuwa amejua. Alikuwa na lake moyoni, na hilo ndilo alilolisikia. Wakatoka getini, Selestina mbele, Eunike nyuma na begi, na wasichana waliokuwa kwenye kamba za nguo wakaacha kuongea.

Wakapata Noah ya kwenda Oldeani. Selestina aliomba simu yake, Eunike akasema imebaki kwa matron. Uongo. Ilikuwa ndani ya pochi yake, imezimwa, na chini ya begi kulikuwa na kitenge cheusi alichokitoa sanduku lake mwenyewe. Alijiandaa kuulizwa tena, lakini Selestina hakuuliza. Alikaa dirishani akiangalia mashamba, na Eunike alikaa kando yake akijisemea moyoni kwamba kazi yake ni kufikisha, basi. Wakubwa wamesema. Wao ndio wenye mtoto. Alijisemea hivyo lami ilipoisha, akajisemea vumbi lilipoanza kuingia garini, na walipoteremka penye maduka ya Oldeani alikuwa bado anajisemea.

Kutoka madukani mpaka kwao Selestina ni kutembea, unapita pembeni ya mashamba makubwa ya kahawa ya tangu enzi za wazungu, halafu unapinda kona penye kigango, na nyumba ziko hapo nyuma. Modest alikwisha sema atawapokea kwenye kona hiyo pamoja na akina mama. Eunike alijua kupokewa huko kukoje. Utatoka mbio mkono huu, utashikwa na mkono ule, kabla hujaelewa unashikiwa nini.

Kona ilikuwa bado haijaonekana Selestina aliposimama.

"Da Eunike, naomba niseme kitu kabla hatujafika," alisema. "Najua kwa nini nimesimamishwa."

Na akasema yote, akiwa ameshika tawi la mkahawa na kulinyofoa majani. Kwamba masika iliyopita mama yake alimletea unga na maharage, na mvua ikakata barabara, gari la kurudi Oldeani likakosekana, na jioni ikaingia. Mama yake hana ndugu Karatu mjini. Kwa hiyo yeye Selestina akampitisha kwa nyuma, kwenye kamba za nguo, akamlaza kitandani kwake, wakalala wawili, na asubuhi mapema mama akaondoka. Anajua mgeni haruhusiwi kulala bwenini. Anajua kuna msichana aliyesimamishwa kwa kumlaza dada yake. Alijua siku moja itajulikana, na asubuhi ya leo alipoona anamenyewa yai, akajua ndiyo leo.

"Adhabu yangu nimeikubali," alisema. "Ila nakuomba, da Eunike, usimwambie ayo sababu. Mwambie nimemtukana mwalimu. Mwambie nimeiba, mwambie lolote unalotaka. Akisikia ni kwa sababu ya kuja kwake atajilaumu mpaka kaburini. Na ana presha."

Eunike alisimama pale na begi begani. Ayo ni mama, kwa Kiiraqw chao wote wawili, na jinsi binti yule alivyolitamka neno lile, kwa woga wa kumlinda mtu ambaye hayupo tena wa kulindwa, nguvu zote za kudanganya zikamwisha. Alifikiria chumba chake. Sitaki kukudanganya kwamba hakukifikiria. Alikifikiria, na meza, na dirisha, na wadogo zake, na akaona kwamba hata akinyimwa leo hii hawezi kumwacha mtoto huyu apinde ile kona.

Akaweka begi chini. Akamwambia wakae. Wakakaa ukingoni mwa njia, kwenye nyasi.

"Hujasimamishwa, Selestina. Hakuna aliyekushtaki."

Selestina akatabasamu. Hicho ndicho kilichomuuma Eunike kuliko vyote: alitabasamu kwanza, akashika kifua, akaanza kumshukuru Mungu. Akiwa katikati ya kushukuru akasita, akauliza basi wanakwenda nyumbani kufanya nini. Eunike akamshika mikono yote miwili.

"Mama yako amefariki. Jana jioni, hospitali, ni presha. Nilikatazwa nisikuambie. Nakuambia mimi."

Hakupiga kelele. Alitazama mikono yao. Bodaboda ikapita, dereva akawatazama, akaondoka na vumbi lake. Selestina akasema kwa sauti ndogo.

"Asubuhi ulinipigia pasi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuwa nacheka mle jikoni, da Eunike. Nilikukumbatia."

"Najua."

Akampiga. Alimpiga begani kwa kiganja, akampiga tena, na tena, na Eunike hakujikinga wala kurudi nyuma. Kisha mikono ikachoka na kilio kikaja, akamwangukia mapajani, akalia kilio cha kuita, ayo, ayo, na Eunike akamshika mgongo akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia ni kazi ya Mungu. Hayo kulikuwa na watu wengi mbele pale kwenye kona wa kumwambia.

Kilio kilipopungua, Eunike akaanza kumwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, maana lilikuwa kosa lake yeye kama dada wa bweni.

Alimwambia kwamba ile asubuhi ya masika alimkuta mama yake bombani, anajaza maji kwenye kopo ili anawe kabla ya safari. Mama mgeni, kilemba cha njano, bwenini, alfajiri. Ilikuwa lazima amuulize kaingiaje. Badala yake mama akamsalimia, "Saita," kwa sauti ya nyumbani kabisa, naye akaitikia, na swali likapotelea hapo. Akamuuliza kama anatumia sukari. Mama akanywa chai chumbani kwake, amekaa kwenye kile kitanda, viatu amevivua akaviweka mlangoni kwa adabu. Akasema mwanangu ananiambia wewe ni mkali sana, mimi huo ukali bado sijauona.

Selestina aliinua kichwa. Akauliza mama alisema nini kingine.

"Alisema ulilala umemshika nguo, kama ulivyokuwa unafanya ukiwa mdogo. Alisema hakulala sana, ila hakutaka kukubandua."

Selestina akalia tena, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, kilikuwa na mtu ndani yake. Akataka kujua mama alikunywa chai na nini. Na mkate. Akataka kujua alicheka. Alicheka, aliposikia habari ya trei na viatu. Aliuliza mpaka Eunike akaishiwa, na alipoishiwa akarudia yale ya mwanzo, na Selestina akayasikiliza upya.

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa mlima. Eunike akatoa chupa ya maji, Selestina akanawa uso. Akatoa kitenge cheusi, akamfunga. Akampa simu yake, na Selestina akaishika bila kuiwasha, akaiweka mfukoni. Wakasimama, wakashika njia.

Walipopinda kona watu walikuwa wamekwisha jipanga. Akina mama wa jumuiya mbele, khanga zimekazwa viunoni, mikono tayari kumdaka. Nyuma yao turubai, viti vya plastiki, moshi wa kuni. Na Modest katikati ya njia, mwanamume mrefu mwenye koti kubwa, msimamizi wa wachumaji katika shamba lilelile alikoangukia shemeji yake. Alimwona Selestina anakuja taratibu, macho yamevimba, kitenge cheusi kifuani. Akaelewa mara moja. Akampita mtoto, akamfuata Eunike.

Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya watu, na kwa sababu hiyo ilitisha zaidi. Akamuuliza walikubaliana nini na matron wake. Akamuuliza yeye ni nani katika ukoo huu, shangazi, au mama mkubwa, hata achukue neno la wazee alitoe barabarani kama anagawa karanga. Je, mtoto angemfia mikononi kule mashambani? Akatoa simu akasema anampigia matron sasa hivi, na binti wa namna hii hafai kuachiwa watoto wa watu. Eunike alikuwa amechoka, bega linamuuma alipopigwa, na moyoni alikwisha kukiaga chumba chake. Alisema tu, "Pole sana, baba," akaweka begi chini miguuni pake, kama alivyozoea kuweka anapomkabidhi mtu.

Selestina alirudi nyuma zile hatua alizokwisha pita. Akasimama kati yao.

"Baba mdogo, mwache," alisema. "Watu wote hapa mlijua. Chuoni walijua. Ni yeye peke yake aliyeniambia."

Modest alibaki na simu mkononi. Akawatazama wale akina mama, ambao walitazama chini. Akaitazama simu, akairudisha kwenye koti, na mkono wake ulipotoka mfukoni ukaenda machoni. Tangu jana jioni alikuwa anapanga, anapiga simu, anatafuta gari na jeneza na turubai, na hakuna aliyemwona akilia. Sasa alilia, mbele ya watu, mtu mzima na koti lake. Selestina akamsogelea, akamshika mkono, akampa pole ya shemeji yake.

Halafu akamgeukia Eunike, akamshika na yeye mkono. Akina mama waliotaka kumdaka hawakuwa na cha kudaka, wakafungua njia, na mmojammoja wakaanza kulia kwa sauti. Selestina akapita katikati yao kwa miguu yake mwenyewe, akiwaamkia wakubwa jinsi inavyopasa, shikamoo, shikamoo mama, shikamoo, mpaka mlangoni kwa mama yake. Akavua viatu, akaingia.